Nionyeshe Aliopigana Nao

Katika soka kila ubishi una siku yake ya mwisho. Ligi inaisha, pointi zinahesabiwa, bingwa anakabidhiwa kombe, na waliobishana tangu msimu unaanza wanapumzika. Ngumi hazina siku hiyo. Naoya Inoue wa Japan amekuwa akitawala uzito usiozidi kilo 55.3. Oleksandr Usyk wa Ukraine alipanda ulingoni Riyadh mwezi Mei 2024 akiwa na kilo mia moja na ushee, kumkabili Tyson Fury aliyemzidi kwa zaidi ya kilo 15. Inoue na Usyk hawatapigana hata siku moja, na hakuna kamisheni ya ngumi ambayo ingewaruhusu. Hata hivyo swali la nani kati yao ni bora bila kujali uzito linaulizwa kila wiki, na linajibiwa kwa sauti kubwa. Nimekuwa ndani ya ubishi huo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na naamini una faida, ilimradi wanaobishana wajue wanapima nini.

Mimi nilifundishwa kubishana ngumi Mwananyamala, kwenye kijiwe cha kahawa. Tulikuwa tukikutana baada ya Magharibi, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kashata kwenye sinia. Aliyetuongoza, bila kuchaguliwa na mtu, alikuwa mzee mmoja aliyepigana ngumi za ridhaa ujanani, kisha akafanya kazi bandarini mpaka akastaafu. Pua yake ilikuwa imelala upande. Ukimwamkia shikamoo aliitika marahaba bila kukutazama, macho yakiwa kwa yule aliyekuwa anaongea, kwa sababu hakupenda kupitwa na hoja.

Miaka hiyo ya themanini Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ngumi za dunia zilitufikia kwa redio, kwa magazeti yaliyochelewa, na kwa kanda za video kwenye mabanda, ambako ulilipa kiingilio ukabanana na wenzako kwenye benchi. Ndiko tulikoona pambano la Marvin Hagler na John Mugabi, lililopiganwa Las Vegas tarehe 10 Machi 1986. Mugabi alikuwa Mganda, jirani yetu, na hadi usiku ule alikuwa ameshinda mapambano yake yote kwa KO. Alijulikana kwa jina la Mnyama. Hagler alimmaliza raundi ya 11.

Tuliporudi kijiweni kijana mmoja alisema Mugabi sasa si kitu. Mzee akamgeukia.

"Mwanangu, kapigwa na nani?"

"Na Hagler, mzee."

"Na kabla ya hapo alikuwa anapigania uzito gani?"

Kijana hakujua. Mzee akamweleza taratibu. Mugabi alijijengea jina chini ya kilo 70, akapanda hadi uzito wa kati kumfuata bingwa ambaye mwaka mmoja tu nyuma alikuwa amemwangusha Thomas Hearns katika raundi tatu. Alikwenda pale ambapo wengine hawakutaka kwenda, akasimama raundi kumi akibadilishana makonde na mtu yule. "Usinitajie mikanda," mzee akasema. "Nionyeshe aliopigana nao, walikuwa katika hali gani, na kwa kilo ngapi."

Miaka mitatu baadaye Mugabi alipata mkanda wake wa dunia wa WBC, nchini Ufaransa, dhidi ya René Jacquot. Jacquot aliteguka kifundo cha mguu raundi ya kwanza, pambano likaishia hapo. Kwenye vitabu usiku ule ni ushindi na usiku wa Hagler ni kipigo. Lakini muulize mtu yeyote aliyeona kanda zote mbili ni usiku upi Mugabi alikuwa bondia mkubwa zaidi, na sidhani kama atasita. Tangu wakati huo sijaweza kuamini orodha yoyote inayohesabu ushindi na vipigo peke yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa Mganda mwenzake, Ayub Kalule. Alikuwa bingwa wa dunia wa WBA na hakuwahi kupigwa katika ngumi za kulipwa mpaka alipokutana na Sugar Ray Leonard kule Houston mwezi Juni 1981, Leonard akiwa katika ubora wake wote. Kalule alisimamishwa raundi ya tisa. Leonard alikuwa amepanda uzito kumfuata, na hilo linawapandisha wote wawili: Leonard kwa kutafuta bingwa asiyepigika katika uzito usio wake, Kalule kwa kumpa kazi ya kweli.

Kipimo hiki cha kupuuza uzito kina historia yake, na mzee aliijua vizuri kuliko magazeti tuliyokuwa tukisoma. Katika miaka ya 1940 macho na fedha vilikuwa kwa wazito. Joe Louis alikuwa bingwa, na dunia ilimwona bingwa wa uzito wa juu kuwa ndiye bondia bora aliye hai, basi. Lakini palikuwa na Sugar Ray Robinson, wa kilo 66 hivi, ambaye kila aliyemwona akirusha ngumi alijua kuwa hakuna mtu wa kilo zozote anayefanya vile. Waandishi wa habari wakahitaji namna ya kulisema hilo bila kudai kwamba angempiga Louis. Walikuwapo mabondia waliosifiwa hivyo kabla yake, Benny Leonard mmojawapo, ila ni Robinson aliyefanya kipimo hiki kiwe cha kudumu.

Cha kuzingatia ni kwamba Robinson hakusubiri kusifiwa. Alizifuata kilo mwenyewe. Februari 1943 mjini Detroit, akiwa hajapigwa katika mapambano 40 ya kulipwa, alikutana na Jake LaMotta aliyemzidi karibu kilo 7, akaangushwa na kupoteza kwa pointi. Kabla mwezi haujaisha akarudiana naye mjini humo humo na kumshinda. Walipigana mara sita kwa jumla. Robinson alishinda tano. Katika ile ya mwisho, Chicago, Februari 1951, alimpiga LaMotta mpaka mwamuzi akalisimamisha raundi ya 13, na mkanda wa uzito wa kati ukawa wake.

Mwaka uliofuata alitaka mkanda wa uzito wa juu kidogo wa Joey Maxim. Lilikuwa pambano la Juni 1952 katika uwanja wa Yankee jijini New York, joto limepita nyuzi 37. Mwamuzi, Ruby Goldstein, alizidiwa na joto akabadilishwa katikati ya pambano. Robinson, akiwa na upungufu wa takriban kilo 7, aliongoza kwa majaji wote, kisha katika raundi ya 13 akarusha ngumi ya hewani akaanguka nayo. Hakuweza kutoka konani kwa raundi ya 14. Maxim alishinda akiwa amekaa kwenye kiti chake. Hiki ndicho kipigo pekee cha Robinson kabla ya muda katika mapambano yapatayo 200, na mimi nakihesabu upande wa mafanikio yake.

Jarida la The Ring, lililoanzishwa na Nat Fleischer mwaka 1922, lilianza kuchapisha orodha rasmi ya mabondia bora wa uzito wote mwaka 1989. Wa kwanza kushika nafasi ya juu alikuwa Mike Tyson. Kijiweni hatukushangaa, banda la video lilijaa mpaka madirishani kila kanda ya Tyson ilipoletwa. Februari 1990 Buster Douglas akamwangusha Tokyo raundi ya 10, na juu akakaa Julio César Chávez wa Mexico.

Chávez aligawa kijiwe chetu kuliko mtu mwingine. Machi 1990 alikuwa akipoteza waziwazi kwa Meldrick Taylor. Raundi ya 12, akamwangusha; Taylor akasimama, mwamuzi Richard Steele akamuuliza kama yuko tayari, hakujibiwa, akasimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde mbili. Wako waliosema Chávez aliokolewa, na wako waliosema mtu asiyeweza kujibu hawezi kupigana. Mimi niko na hawa wa pili. Taylor alipigwa usiku ule kiasi kwamba hakuwa bondia yule tena, na hakuna orodha inayostahili afya ya mtu.

Mwaka 1993, San Antonio, Chávez alipewa sare na Pernell Whitaker, mbele ya watu waliokuwa wamemwona Whitaker akimchezea karibu raundi zote. Kijana mmoja akaleta gazeti kijiweni, akasema sare ni sare, majaji wameamua. Mzee akamuuliza, "Mwanangu, wewe uliangalia pambano au uliangalia karatasi za majaji?" Hapo nilielewa kwamba anayepanga mabondia lazima aangalie ngumi zenyewe. Roy Jones Jr alinyimwa dhahabu ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 baada ya kumpiga Park Si-hun ngumi 86 dhidi ya 32. Ukifuata karatasi, Jones alipoteza. Ukifuata macho, alikuwa bondia bora wa mashindano yale, na waandaaji wenyewe walimpa tuzo ya Val Barker inayotolewa kwa sifa hiyo hiyo.

Seoul ile ile ndiko Robert Wangila wa Kenya alikochukua dhahabu, uzito mmoja tu chini ya ule wa Jones. Fainali alimpiga Mfaransa Laurent Boudouani kwa KO raundi ya pili, hakumwachia jaji yeyote kazi. Tulifurahi Dar es Salaam kana kwamba ni wa kwetu. Wangila akaingia ngumi za kulipwa Marekani, na Julai 1994 akafa baada ya pambano Las Vegas, akiwa na miaka 26. Siku habari ilipofika mzee hakutaka ubishi wowote. Alisema jambo moja: kilo ziliwekwa kwa sababu ya watu kufa. Ninapomsikia mtu akipanga mabondia kana kwamba uzito ni maelezo ya pembeni tu, namkumbuka Wangila, aliyekuwa na mzani upande wake na bado hakurudi.

Baadaye, nilipoanza kuhudhuria ngumi za hapa Dar kwa karibu, niliona mzani unavyofanya kazi kwa watu wetu. Kupima uzito hufanyika siku moja kabla ya pambano. Nakumbuka bondia wa kilo 57 aliyezidi gramu mia nne. Akapewa muda. Akavaa suti ya nailoni, juu yake sweta, juu yake koti la mvua, akaanza kuzunguka uwanja kwenye jua la saa saba mchana huku kocha akimfuata na chupa tupu. Kila hatua chache anatema mate ndani ya chupa. Midomo ilikuwa imemkauka na kupasuka, na mate yenyewe hayatoki. Kocha akampa pipi ya ndimu aimung'unye ili yatoke. Aliporudi, wenzake wawili walishika kanga kumzunguka akavua kila kitu, akapanda mzani akiwa ameshusha pumzi yote. Ukasoma sawasawa. Alinyanyua mikono na karibu aanguke.

Mpinzani wake hakutokea. Jioni promota alimleta mwingine, aliyezidi kilo nne na zaidi, na akaambiwa achague: apigane au arudi nyumbani bila posho. Alipigana. Alipoteza kwa pointi chache, na kwenye rekodi yake limeandikwa jina la mpinzani na herufi moja ya kuonyesha kashindwa, kilo nne hazipo. Kwa mabondia kama yule, kupigana bila kujali uzito ni mambo ya kulipa kodi ya chumba. Ndiyo maana nasema atakayepanga mabondia wetu bila kuuliza kilo anawadhulumu mara ya pili.

Katika jambo moja orodha hizi zimetenda haki, nalo ni kuwatoa wadogo gizani. Ricardo López wa Mexico alipigana katika uzito wa kilo 47.6, akastaafu na ushindi 51 na sare moja, hajapigwa na mtu. Katika kipindi chake mapambano yake yalitangulizwa mapema wakati ukumbi haujajaa. Mwaka 2015, Floyd Mayweather alipotangaza kustaafu, The Ring likamweka juu kabisa Román González wa Nicaragua, bondia aliyeanza katika uzito huo huo wa López. Hakuna bondia mdogo kiasi kile aliyewahi kukaa hapo. Vijana wengi ninaowaona kwenye gym za Manzese na Keko wana maumbile ya González. Wanapotajiwa Tyson wanashangilia. Wanapoonyeshwa González akikata kona za ulingo, akipiga mbavu na kidevu katika mkupuo mmoja, wananyamaza na kutazama miguu yake.

Kuhusu Mayweather na Manny Pacquiao nitasema machache. Pacquiao ametwaa ubingwa katika mizani minane, kuanzia kilo 50.8 hadi 69.9, na hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Mayweather hakupigwa katika mapambano 50. Walipokutana hatimaye Mei 2015 huku kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi kama saa moja, watu wametoka kuswali alfajiri wakapitiliza kwenye skrini. Mayweather alikuwa na miaka 38, Pacquiao 36, na mazungumzo ya kuwakutanisha yalikuwa yameanza tangu 2009. Mayweather alishinda kwa halali. Mzee hakuwa hai tena, lakini swali lake la walikuwa katika hali gani lilikaa nasi chumba kizima. Pambano lililocheleweshwa miaka mitano haliwezi kutoa uzito wote ambao lingetoa kwa wakati wake.

Mimi nimeongeza swali moja kwenye yale ya mzee: wapi? Bondia wa Afrika Mashariki analijua swali hili kwa mwili. Anaitwa Ulaya wiki chache kabla, anakwenda kwenye ukumbi wa mwenyeji, majaji wa mwenyeji, mashabiki wa mwenyeji. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham hivyo hivyo, kwenye usiku wa Amir Khan, akamsimamisha Sam Eggington, aliyewahi kuwa bingwa wa Ulaya, katika raundi ya pili. Mtandao wa takwimu unaopanga mabondia kwa kompyuta ukamrusha nafasi nyingi juu mara moja. Dar ikawaka. Wengine walisema kompyuta imetia chumvi, wengine wakadai tayari ni wa kupewa bingwa wa dunia. Kompyuta ilikuwa imefanya hesabu yake tu: aliyepigwa alikuwa na pointi nyingi, aliyempiga akazichukua. Mimi nilimpa alama za ziada kwa Birmingham. Na alipokwenda Liverpool mwaka 2022 kumkabili Liam Smith, bingwa wa zamani wa WBO, pambano likaishia raundi ya nne, nilisikitika, ila nilimhesabia pia kuwa alikwenda.

Kwa swali hilo la wapi, Usyk ananishinda kumpinga. Mkanda wake wa kwanza wa dunia aliutwaa Poland kwa Mpoland, Krzysztof Głowacki. Alimfuata Mairis Briedis Riga, kwao. Alimfuata Murat Gassiev Moscow, kwao, akakusanya mikanda yote minne ya uzito wake. Alimfuata Tony Bellew Manchester. Akapanda uzito wa juu, akamfuata Anthony Joshua London mwaka 2021. Terence Crawford alifanya makubwa Septemba 2025 alipopanda hadi kilo 76.2 na kumshinda Canelo Álvarez, akawa bingwa asiye na mpinzani katika uzito wa tatu. Inoue amefanya hivyo katika mizani miwili na ngumi zake ndizo zinazopendeza kuliko zote kutazama. Kwa mabondia wa miaka hii namweka Usyk wa kwanza, Crawford wa pili, Inoue wa tatu. Kwa wakati wote, Robinson wa kwanza, na wa pili Henry Armstrong, aliyeshika mikanda mitatu kwa mpigo mwaka 1938 wakati dunia nzima ilikuwa na mizani minane tu, na sio 17 au zaidi kama leo.

Nikiulizwa orodha ya Tanzania, hapo nakwama, na kinachonikwamisha ni rekodi. Titus Simba alileta medali ya fedha kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970. Michael Yombayomba alileta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998. Rashid Matumla alijaza kumbi, Francis Cheka wa Morogoro akajaza baada yake. Kijana wa miaka ishirini akitaka kuwalinganisha na Mwakinyo atapata majina, tarehe chache na masimulizi. Kanda hazipo, uzito halisi wa siku ya kupima haupo, na wapinzani wengine hawajulikani walitoka wapi. Rekodi chafu zina madhara hata kwa wakubwa: mwaka 1977 mashindano ya promota Don King yaliyokuwa yakionyeshwa na televisheni ya ABC yalisimamishwa baada ya kugundulika kwamba baadhi ya mabondia waliongezewa ushindi wa uongo kwenye kumbukumbu za The Ring.

Kwa hiyo naomba. Kama wewe ni promota, andika kilo za kila bondia kama mzani ulivyosoma, na jina kamili la aliyeletwa dakika za mwisho. Kama baba yako au mjomba wako alipigana, na kabatini kuna kanda ya video, tiketi au gazeti la zamani, usitupe. Ipeleke kwa mtu wa kuinakili, na andika nyuma ya kila picha jina la aliyesimama upande wa pili.